Mama Orpa Kisimba Atoka Nyuma ya Pazia

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi tisa ya kazi, Mama Orpa Kisimba, msimamizi wa jukwaa wa Cercle Umoja hapa Likasi, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025. Aliingia tarehe 1 Februari 1991 kwa wiki tatu tu, kufagia mahali pa shangazi yake aliyekuwa mgonjwa. Shangazi alipopona alikuja kuchukua ufagio wake. Akakuta viti vimenyooka kama askari wa gwaride, na mpwa wake anamfokea mpiga ngoma aliyekuwa ameweka chupa juu ya spika. Shangazi aligeuka akarudi nyumbani bila ufagio. Ndivyo tulivyompata.

Kwa wageni wetu: Cercle Umoja ni ukumbi wa viti sitini na vinne, na watu wa mtaa wa Kikula wanauita Kasanduku. Aliyeketi meza ya nyuma kabisa anaona vizuri kama mwimbaji amekosa kifungo cha shati. Kwenye ukumbi wa namna hii msimamizi wa jukwaa ndiye fundi wa taa, ndiye mlinzi wa mlango, ndiye mshonaji wa dharura. Tena ndiye mnong'onezaji, yaani yule anayekaa nyuma ya pazia na kuwakumbusha wachezaji maneno waliyoyasahau. Kwa kunong'ona huko Mama Orpa amejulikana mjini kuliko wachezaji wenyewe, maana mnong'ono wake unafika barabarani.

Wazee wanakumbuka mchezo wa Noeli wa mwaka 1998. Aliyecheza Herode alikuwa fundi seremala wa parokia, mtu mpole sana. Alipofika mahali pa kutoa amri kali alisimama, akatazama watu, akameza mate, akatabasamu. Ndipo pazia likasema: «Papa, sema baue batoto!» Seremala akashtuka, akajibu kwa heshima: «Bon, Mama, kama ni weye unasema.» Watu walipiga makofi dakika nzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kumcheza Herode kabla ya kuhakikishiwa kwamba Mama Orpa yuko likizo.

Na mlango, je? Mlango unafungwa saa tisa kamili. Mwaka 2011 mwenyekiti wetu mpya, Papa Blaise Kapema, alichelewa dakika sita kwenye sherehe ya kumpokea yeye mwenyewe. Aligonga.

«Mama, fungula, ni minye président!»

«Programme inasema président anafungua sherehe saa tisa,» Mama Orpa akajibu kutoka ndani. «Saa tisa ilisha kupita. Ile président, minye siyemujue.»

Papa Blaise alikaa kwenye korido mpaka mapumziko, akakaa benchi moja na muuza karanga. Habari hii sikuiiba. Ananisimulia yeye mwenyewe kila mwaka, na kila mwaka zile dakika sita zinapungua. Sasa zimebaki mbili.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka karatasi ziishe. Lakini kazi kubwa ya Mama Orpa ni ile ya Papa Georges Mukendi, na hiyo nataka niieleze tangu mwanzo, kwa sababu wengi mlishuhudia mwisho wake tu.

Mwaka 1991 Papa Georges alikuwa fundi umeme kiwandani, mzaliwa wa Likasi. Akitoka kazini alikuja Kasanduku kutunga nyimbo. Aliandika nyuma ya kila karatasi aliyoikuta: karatasi ya daktari, bahasha, hata tangazo la mkutano wa usafi. Mstari usipompendeza aliukunja na kuutupa chini. Sasa Orpa, mfagiaji mpya, alikuwa amefundishwa na mama yake kwamba karatasi yenye maandishi haichomwi kabla ya kusomwa. Basi akasoma. Akawa anacheka peke yake na ufagio mkononi. Karatasi hazikuchomwa hata moja. Ziliingia kwenye bati la biskuti, na bati likaingia chini ya ngazi ya jukwaa.

Mwimbo wake uliopendwa kuliko yote ni «Kinga ya Kuazima». Kinga, kwa watu wa mbali, ni baiskeli. Kijana anakwenda kujitambulisha kwa wakwe akiwa juu ya kinga ya jirani, anajigamba kwamba aliileta kutoka ng'ambo. Kumbe jirani ni mjomba wa msichana na amekwisha kufika kwa miguu. Ameketi sebuleni anangoja kinga yake. Likasi nzima iliuimba.

Kisha ikaja ile miaka ambayo familia nyingi zenye asili ya Kasai zilisukumwa kutoka mjini, zikalala stesheni na magodoro yao zikingoja treni. Papa Georges, ambaye Kasai aliijua kwenye ramani ya shule tu, aliondoka mwaka 1993 na mke wake na watoto. Hakuna aliyemuaga. Wengine waliogopa, wengine waliona haya. Mama Orpa alikimbia mpaka stesheni na mkate chini ya kwapa, akakuta reli tupu. Anasema mkate ule aliula njiani huku analia, na kwamba ulikuwa mkate mbaya.

Mtu aliondoka, nyimbo zikabaki. Zilipita kwenye arusi na ubatizo, mwaka baada ya mwaka, na vijana wakaanza kusema ni nyimbo za zamani tu, hazina mwenyewe. Hapo ndipo Mama Orpa alipoanzisha vita yake. Kila mara orkesta ilipopiga «Kinga ya Kuazima» katika ukumbi wetu, alitoka pembeni, akamnyang'anya mwimbaji maikrofoni na kutangaza: «Huu mwimbo iko na mwenyewe. Mwenyewe njo Papa Georges Mukendi, fundi umeme. Muendelee.» Akarudi. Maharusi walibaki wameshikana mikono, hawajui kama wamebarikiwa au wamegombezwa. Orkesta mbili ziliacha kuupiga mwimbo ule Kasanduku kwa kumwogopa. Nami nilimwomba mara nyingi apunguze, maana mimi ndimi niliyepokea malalamiko mlangoni. Alinijibu: «Laure, mwizi wa kuku tunamupigia kelele. Wa mwimbo tunamuchezea?»

Mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye arusi moja, mgeni alirekodi video ya Mama Orpa akinyang'anya maikrofoni. Video ikatembea kwenye simu, watu wakacheka Likasi, wakacheka Kolwezi, wakacheka mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai. Nyuma yake ukutani ilionekana namba ya simu ya ukumbi. Siku ya tatu simu ikalia, nikapokea. Sauti ya mzee ikasema: «Munipatie ile mama ya micro.»

Nikampa. Niliwasikia wote wawili, kwa sababu mzee alikuwa anapiga kelele kama watu wasiosikia vizuri.

«Mama, merci,» akasema. «Lakini ule wa gitare iko anakimbia. Mwimbo ni ya kinga, haiko ya motokari.»

Mama Orpa aliketi chini sakafuni, yeye ambaye sijawahi kumwona ameketi saa za kazi. «Papa Georges,» akasema, «jambo kwanza.»

«Jambo, Mama. Lakini anakimbia.»

Baada ya simu ile hatukupumzika. Mama Orpa aliamua kwamba kutakuwa na alasiri nzima ya nyimbo za Papa Georges, kwa mtindo wa kabare: meza ndogondogo, waimbaji wapite katikati ya watu, na kati ya mwimbo na mwimbo ielezwe habari ya jinsi ulivyotungwa. Siku ikapangwa Jumamosi tarehe 16 Agosti. Dodo, mpiga gitaa wetu, yule yule anayekimbia, akapewa orkesta. Kuimba akapewa Bénie, binti mwenye sauti nzuri anayesali kwenye kanisa la maombi kule Kikula.

Papa Georges alifika kwa treni, siku tano njiani. Tulimwambia kuna njia nyepesi. Akakataa: «Treni njo ilinipeleka, treni njo itanirudisha.» Alishuka na miaka yake sabini na minane, suti moja na fimbo. Kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi alitupa sharti lake. «Nilikuya kusikiliza. Kuimba, hapana. Likasi haitasikia sauti yangu tena.» Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu, maana sababu sote tuliijua.

Mazoezi yalikuwa mateso. Dodo akipiga, mzee anagonga meza kwa fimbo: «Polepole! Kinga iko na mlima!» Dodo akipunguza, mzee anagonga tena: «Sasa umeshuka, unaisukuma!» Siku ya pili Dodo alifunga gitaa lake akasema anakwenda kuuza mahindi. Mama Orpa alimfuata hadi kwenye kona ya barabara na kumrudisha. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba Dodo alirudi ameshika sikio.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Bénie. Katika «Kinga ya Kuazima» kuna mstari unaosema mjomba anakunywa lutuku, na lutuku ni pombe kali ya kienyeji. Bénie akasema yeye ameokoka, neno hilo halitoki kinywani mwake, ataimba jus, yaani juisi.

«Jus!» mzee akasema. «Mujomba anangoja kinga yake, amekasirika, halafu anakunywa jus?»

«Papa, minye siwezi kumukosea Mungu ju ya mujomba.»

Walitazamana. Mama Orpa, aliyekuwa juu ya ngazi anabadilisha taa, akasema bila kushuka: «Muimbe munkoyo.» Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hunywewa na mlevi, hunywewa na mchungaji. Papa Georges akahesabu kwa vidole: lu-tu-ku, mu-nko-yo. Akahesabu tena. Akainamisha kichwa, amani ikarudi. Sijawahi kuona kamati yetu ikimaliza jambo upesi namna ile.

Siku hiyohiyo, tukinywa chai, mzee alitaja mwimbo mmoja. Aliutunga juma la mwisho kabla ya treni, akiketi pale pale jukwaani. Jina lake «Sikuaga». Maneno yote yamemtoka kichwani na karatasi iliangukia anakojua Mungu. «Ule njo ulikuwa muzuri,» alisema, «na ule njo ulipotea.» Nilimtazama Mama Orpa. Alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Ikafika Jumamosi. Viti sitini na vinne vilijaa, wengine wakasimama madirishani. Saa tisa kamili mlango ukafungwa, na nafurahi kusema kwamba Papa Blaise alikuwa ndani tangu saa saba. Papa Georges aliketi meza ya mbele, fimbo katikati ya magoti. Mwimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. «Kinga ya Kuazima» ulipigwa kwa mwendo wa kinga halisi, na watu walicheka mpaka munkoyo ukawatoka puani. Mwimbo wa tano ulikuwa nusu tu pale umeme ulipokatika. Kituo cha umeme cha Koni kiko karibu nasi na mto wake, Lufira, haujakauka, lakini transfoma ya mtaa wetu ina tabia zake. Maikrofoni ikafa. Gitaa la Dodo likabaki linalia kama mbu ndani ya chandarua. Mama Orpa akafungua madirisha yote, jua likaingia, na Bénie akamalizia kwa sauti tupu. Lakini nyimbo nne zilizobaki zilihitaji orkesta. Watu walianza kutafuta mikoba yao chini ya meza. Mzee alikaa anatazama jukwaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezoea mambo kukatika katikati.

Hapo pazia likafunguka, na Mama Orpa akatoka. Sikumbuki kama aliwahi kusimama katikati ya jukwaa hilo watu wakiwa wameketi. Alivaa kitenge chake cha kazi, na bado alikuwa na pini za nguo kwenye kola. Alifunua karatasi ya zamani kutoka lile bati la biskuti, bahasha iliyoandikwa nyuma.

«Huu hauko ku programme,» akasema. Nikajua jambo kubwa linakuja, maana yeye na programu hawajawahi kutengana. «Unaitwa Sikuaga.»

Fimbo ya mzee ikaanguka.

Mama Orpa akaanza kuimba. Ndugu zangu, nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa na ninampenda, kwa hiyo nitasema taratibu: ilikuwa kama mlango wenye kutu unaofunguliwa na mtu mwenye haraka.

«Sikuaga Yaya Marlène wa maharagwe,
sikuaga Élysée, saa yangu iko kwake,
sikuaga imbwa ya jirani, ilinijua kwa viatu…»

Kwenye mstari wa kwanza Papa Georges alifumba macho. Kwenye wa pili alishika meza. Kwenye wa tatu hakuweza tena.

«Hapana, Mama! Hapana! Pale inapanda, haishuke!»

«Inapanda wapi, Papa?» Akaurudia mstari, vibaya zaidi.

«Uko unauwa mwimbo yangu!»

«Basi onyesha.»

Mzee akasimama na kuimba. Sauti ilitoka na vumbi mwanzoni, kama gari lililolala muda mrefu, kisha ikashika njia. Alifika jina la Yaya Marlène (yaya kwetu ni dada mkubwa), na kwenye meza ya nne bibi mmoja mzee mwenye kilemba cheupe akainua mkono. «Minye hapa, Georges,» akasema. «Ningali hapa.» Mzee alikosa neno moja tu, akaendelea. Alipofika Élysée, mwanamke mmoja, binti yake, akasema kutoka dirishani: «Papa alisha kufa. Lakini saa iko kwetu. Hakumaliza kuitengeneza.» Tulicheka, Mungu atusamehe, na mzee alicheka kuliko sisi, machozi yanamtiririka, akalirudia jina la Élysée mara mbili kwa heshima yake.

Karatasi iliishia hapo, kwa sababu panya walikuwa wamekula pembe ya chini. Yeye hakuishia hapo. Maneno yalikuwa yamerudi, mtaa baada ya mtaa, jina baada ya jina: mwalimu, muuza mkaa, padri aliyekuwa anakohoa, fundi mwenzake wa zamu. Katikati ya ubeti wa mwisho alitambua kwamba amesimama Likasi anaimba. Akanyamaza, akatutazama. Kisha akamaliza.

Wiki ile nilimuuliza Mama Orpa kama alikosea kwa makusudi. Alijibu kwamba aliimba na sauti aliyopewa na Mungu. Mimi nasali misa ya kwanza ya asubuhi, parokia moja na yeye. Mama Orpa anaongoza sauti ya kwanza ya kwaya yetu tangu mwaka 2003, na katika miaka hiyo yote sijamsikia akikosa noti moja.

Papa Georges alikaa Likasi majuma sita, kwa Yaya Marlène na wajukuu zake, wakimlisha maharagwe mpaka suti ikagoma kufungwa. Alirudi Mwene-Ditu mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa mke wake amezikwa huko. Stesheni tulikuwa watu zaidi ya arobaini, na treni ilichelewa kwa muda wa saa saba, kwa hiyo kila mtu alimuaga, wengine mara tatu. Orkesta za mji sasa zinataja jina lake kabla ya kuanza. Dodo anapiga polepole hadi wachezaji wanalalamika.

Kazi za Mama Orpa zinachukuliwa na Bénie, ambaye amekwisha kumfungia nje mchungaji wake mwenyewe. Papa Blaise, kwa niaba ya kamati, ameniomba niandike kwamba tunamshukuru Mama Orpa kwa nidhamu, uaminifu na usafi. Nimeandika. Mimi naongeza shukrani moja kwa ajili ya kelele zake. Tulizionea aibu miaka mingi, na sisi ndio tuliopaswa kuona aibu kwa kunyamaza kwetu.

Kesho asubuhi Mama Orpa anasafiri kwenda Lubumbashi kwa binti yake Julie, aliyejifungua mapacha, Divin na Shalom, wana miezi miwili. Julie ameniambia kwenye simu kwamba watoto hao wananyonya wakitaka, wanalala wakitaka na wanalia wakitaka. Nikamwambia wafurahie usiku wa leo.

Mama Orpa, nenda salama. Uwe na afya, uwe na usingizi wa mchana, na maisha yako yawe mepesi kuliko yale uliyotuzoesha sisi. Kasanduku ni kadogo, lakini leo tunakaona kakubwa mno.

Laure Mwansa,
mpokea wageni na katibu, Cercle Umoja, Likasi